Pikipiki ya Kale Inapokataa Kuitikia Kitufe

Mwenye pikipiki ya kale aghalabu hupatwa na mkasa mmoja wenye sura nyingi: hufungua swichi, taa ya nyutro ikawaka, honi ikalia vizuri, lakini abonyezapo kitufe cha stata injini haizunguki, au huzunguka nusu duara kwa uzito kisha ikasimama. Desturi iliyoenea katika hali hiyo ni kununua. Hununuliwa betri kwanza. Isipoleta nafuu, hununuliwa solenoidi. Na hiyo nayo isipofaa, stata yenyewe hufunguliwa na kuwekwa kando kama kitu kisicho na thamani, ijapokuwa ni chombo kilichoundwa kwa ustadi zaidi ya miaka 40 iliyopita na ambacho kukipata kingine cha asili si jambo jepesi. Madhumuni ya uchambuzi huu ni kubainisha kwamba njia hiyo ni ya hasara, na kwamba mara nyingi kasoro haimo katika chombo chochote kati ya hivyo vitatu, bali imo katika maungo ambamo umeme huvuka kutoka kipande kimoja kwenda kingine. Nayo ni kasoro isiyoonekana kwa macho wala kupimika mashine ikiwa imetulia, kwa kuwa hujidhihirisha wakati ule tu ambapo umeme mwingi unapita.

Stata ya umeme iliingia katika pikipiki kwa taabu, na historia ya taabu hiyo ina faida kwa kila atafutaye chanzo cha ubovu. Mwaka 1911 Charles Kettering wa Dayton, Ohio, alifaulu kuiwasha injini ya Cadillac kwa mota ya umeme, na watengenezaji wa pikipiki hawakukawia kuitamani neema hiyo; hata mwaka 1914 kiwanda cha Indian cha Springfield, Massachusetts, kikatoa pikipiki iliyoitwa Hendee Special, yenye mota ya kuwashia na betri mbili za volti 6. Mashine ile haikudumu, na sababu yake haikuwa unyonge wa mota. Betri za zama zile hazikustahimili mtikiso wa barabara, wala hazikuweza kutoa na kurudishiwa umeme kwa kadiri iliyohitajiwa. Ikapita karibu nusu karne ambayo mpanda pikipiki alitegemea mguu wake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Honda walianza kutia stata katika mashine zao ndogo; mwaka 1965 Harley-Davidson wakatoa Electra Glide; mwaka 1969 zikaja Honda CB750 ya silinda nne na BMW R75/5; na mwaka 1975 Norton, wakati ufundi wa pikipiki wa Uingereza ulipokuwa tayari unazama, wakaongeza stata katika Commando 850 Mk III. Katika safari hiyo yote, kilicholeta udhia zaidi hakikuwa uwezo wa mota kuzunguka, bali ni namna ya kuufikisha umeme wa kutosha pale unapotakiwa, kwa wakati unaotakiwa.

Kwa kuwa si rahisi kuzungumza juu ya pikipiki zote kwa pamoja, nitaishika CB750 kuwa mfano, na nyingine nitazitaja panapokuwa na tofauti yenye maana. CB750 inafaa kwa sababu umeme wake ni wa wazi, hauna mafumbo, na kwa sababu Honda waliibakizia kiki pamoja na stata. Kiki hiyo ni kipimo cha kwanza na hakigharimu kitu. Mtu akiisukuma kwa mguu na kuona injini inazunguka kama ada yake, amekwisha kupata yakini kwamba pistoni hazikukwama, wala hakuna petroli iliyovuja kutoka kabureta na kujaa ndani ya silinda, wala oili haikuganda. Na ikiwa injini inawaka kwa kiki, basi shaka yote imehamia katika mapito ya stata.

Mapito hayo ni mawili, na kuyachanganya ndiko kunakopoteza watu wengi. Pito kubwa huanzia nguzo chanya ya betri, likapita katika kebo nene hadi bolti moja ya solenoidi, likavuka ndani yake hadi bolti ya pili, likashuka kwa kebo nyingine hadi kwenye stata iliyolala nyuma ya silinda, likapita ndani ya stata na kutoka kwa mwili wake wa chuma kuingia katika injini, kisha likarejea nguzo hasi kwa kebo ya ethi. Pito dogo hupita katika fyuzi, swichi ya ufunguo, kitufe cha mkononi na koili ya solenoidi, na umeme wake ni ampea chache tu, ilhali pito kubwa hubeba ampea 100 au zaidi wakati injini inapoanza kugeuzwa. Solenoidi ndipo mahali ambapo kidogo huamrisha kikubwa: koili yake ikipata umeme huwa sumaku, sumaku huvuta kijiti, na kijiti hukikandamiza kisahani cha shaba juu ya vichwa vya bolti mbili.

Anayeufahamu mpango huo ataweza kusikia mengi kabla hajashika chombo chochote cha kupimia. Kimya kitupu, pasipo hata mlio mdogo, huelekeza katika pito dogo, kwa kuwa koili haikupata umeme. Mlio mmoja mzito, kisha kimya, maana yake ni kwamba solenoidi imefunga lakini umeme haukufika kwenye stata kwa wingi, au umefika na stata haikuweza kuzunguka. Mlio wa harakaharaka kama wa meno yagonganayo ni dalili ya volti kuporomoka: solenoidi inafunga, mzigo wa stata unaishusha betri, sumaku inapoteza nguvu na kuachia, betri inapumua na kupanda, sumaku inafunga tena, na mambo hurudi hivyo mara nyingi katika sekunde moja. Na ikiwa stata yenyewe inasikika ikivuma kwa kasi ilhali injini imetulia, hapo umeme hauna hatia. Maradhi ni ya vyuma, nayo tutayafikia.

Betri hulaumiwa kwanza, na si kwa dhuluma, ila hulaumiwa kwa ushahidi usiotosha. Betri ya risasi na asidi yenye seli sita, iliyojaa na kupumzishwa saa kadhaa, huonyesha volti 12.6 hadi 12.8; ikionyesha 12.0 karibu imekwisha, ijapokuwa kwa asiyejua 12.0 ni namba ileile iliyoandikwa ubavuni mwake. Penye betri ya kufunguliwa vifuniko, haidromita husema kweli zaidi kuliko volti, kwa kuwa huihoji kila seli peke yake: uzito wa maji ya seli iliyojaa huwa baina ya 1.26 na 1.28, na seli moja iliyoshuka mbali na wenzake huibatilisha betri nzima. Lakini kipimo kinachokata shauri ni kile kinachochukuliwa wakati stata inapofanya kazi. Mita ikiwa juu ya nguzo za betri na kitufe kikiwa kimebonyezwa, volti zikibaki juu ya 10 betri ni salama. Zikishuka chini ya 9.6 au hapo, ama betri imechoka ama stata inavuta umeme kupita kiasi kwa sababu imekwama au imeungua. Na ikiwa stata inazunguka kwa unyonge, au haizunguki kabisa, nazo volti za betri zimebaki 12 na zaidi, hiyo ni burhani ya wazi kwamba betri haikuombwa kitu. Umeme umezuiliwa mbele, na kununua betri mpya siku hiyo ni kupoteza mali.

Hapa ndipo penye kiini cha suala lote, na sitaona taabu kukaa hapo kitambo. Kanuni ya Ohm hutuambia kwamba volti zinazopotea mahali popote ni zao la ampea zipitazo na ukinzani wa mahali hapo. Tuseme nati ya kebo ya ethi ina kutu kidogo, na kutu hiyo imeleta ukinzani wa omu 0.03. Balbu ndogo ya wati 2, ambayo haivuti hata ampea 0.2, itapoteza hapo sehemu ndogo mno ya volti moja, na itawaka kwa mwanga wake kamili. Lakini stata ivutayo ampea 100 itapoteza hapohapo volti 3, yaani robo ya nguvu zote za betri, na haitaweza kuigeuza injini. Mlango mwembamba haumzuii mtu mmoja kupita, bali huwazuia watu wa Ijumaa wanaotoka msikitini kwa pamoja. Kwa ajili hiyo taa kuwaka na honi kulia si ushahidi wa uzima wa pito kubwa; na kwa ajili hiyohiyo kipimo cha omu katika mita ya kawaida hakifai hapa, kwa sababu ukinzani wa nyaya za mita yenyewe huzidi ule unaotafutwa.

Dawa ni kupima volti zinazopotea wakati kazi inafanyika. Kwanza huchomolewa waya unaolisha koili za plagi ili injini isiwake, gia huwekwa nyutro, na mtu mmoja hubonyeza kitufe kwa sekunde tatu au nne huku mwingine akisoma. Stata ya pikipiki haikuumbwa kwa kazi ndefu, basi hupumzishwa baina ya kipimo na kipimo. Ncha moja ya mita huwekwa juu ya nguzo chanya yenyewe, juu ya risasi ya nguzo na wala si juu ya kikamatio chake, na nyingine juu ya bolti ya kwanza ya solenoidi. Kisha huhamishiwa baina ya bolti mbili za solenoidi, kisha baina ya bolti ya pili na bolti ya stata, na mwisho baina ya mwili wa stata na risasi ya nguzo hasi. Katika kebo nzima upotevu wa volti 0.2 wastahamilika; baina ya bolti za solenoidi ukizidi 0.3, kisahani cha shaba kimeliwa na cheche. Na upande wa ethi haupasi kuzidi 0.2 au 0.3 kwa jumla.

Kirchhoff alibainisha mwaka 1845 kwamba volti zinazotolewa na zile zinazotumika katika mzunguko lazima zilingane, na kanuni hiyo ndiyo hakimu wa kipimo chetu. Tuseme betri wakati wa kazi inasimama volti 10.4, kebo ya kwanza imepoteza 0.1, solenoidi 0.9, kebo ya pili 0.1, na ethi 1.2: jumla ni volti 2.3, na stata imefikiwa na volti 8.1 tu. Mtu aliyebadilisha solenoidi pekee katika mashine hiyo angeona nafuu kidogo, angedhani ametibu, na baada ya miezi michache angerejea palepale. Mwenye kupima hukuta makosa mawili kwa dakika kumi, na yote mawili hutibika kwa msasa, spana na grisi kidogo ya kuzuia unyevu. Aidha kipimo humwepusha na pupa ya kubadilisha kebo. Mita moja ya waya wa shaba wenye unene wa milimita 10 za mraba ina ukinzani wa omu 0.0017 hivi, basi kwa ampea 100 hupoteza volti 0.17; kebo ya asili ambayo nyuzi zake hazijageuka kijani chini ya ngozi yake haina lawama, na taabu iko katika ncha zake.

Upande wa ethi unastahili neno la pekee, kwa sababu ndio unaosahauliwa zaidi, na kwa sababu wapenzi wa pikipiki za kale huuharibu kwa mikono yao wenyewe huku wakidhani wanaitengeneza mashine. Fremu hupelekwa kupakwa rangi mpya nzito, nzuri kama kioo. Injini hung'arishwa na kupuliziwa vanishi. Kisha kila kitu hufungwa pamoja, na kebo ya ethi hubanwa juu ya rangi isiyopitisha umeme hata kidogo. Mashine iliyokuwa ikiwaka ikiwa chafu hukataa kuwaka ikiwa safi. Rangi haina budi kukwanguliwa hata chuma kionekane mahali pa kebo, na vivyo hivyo katika kitako cha stata, ambako umeme hutegemea bolti zake na mgusano wa alumini kwa alumini. Katika mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, upepo wa chumvi hufanya kazi hiyo ya uharibifu pasipo msaada wa rangi, kwa maana shaba, chuma na alumini vikikutana penye chumvi na unyevu, alumini huliwa kwanza na kuacha unga mweupe usiopitisha umeme. Na mwenye Norton au Triumph ya zamani akumbuke kwamba katika mashine hizo nguzo chanya ndiyo iliyofungwa kwenye fremu. Vipimo ni vilevile, lakini asiyejua hilo anaweza kuunganisha betri kinyume na kuunguza vifaa visivyo na kosa.

Pito dogo halina haja ya maelezo marefu, ila lina maficho mengi. Fyuzi ya kioo inaweza kuwa nzima ilhali vishikio vyake vimelegea na kuingia kutu. Kitufe cha mkononi kina vipande vidogo vya shaba ambavyo cheche za miaka huvipaka masizi. Katika baadhi ya Honda za miaka hiyo kitufe hakipeleki umeme kwenye solenoidi, bali huifungia koili njia ya ethi, na njia hiyo hupita katika usukani na beringi zake zilizojaa grisi, basi stata hukubali usukani ukielekezwa upande mmoja na kukataa ukielekezwa mwingine. Mashine nyingine zina swichi ya klachi au ya nyutro inayozuia kuwasha gia ikiwa imeingia. BMW za kundi la R75/5 zina rilei chini ya tangi, ambayo mojawapo ya kazi zake ni kuizuia stata isijiingize injini ikiwa tayari inazunguka, na rilei hiyo ikichoka huizuia hata pasipo sababu. Shauri jepesi ni kuweka mita juu ya ncha mbili za koili ya solenoidi na kubonyeza kitufe: volti zikikaribia za betri na solenoidi isilie, solenoidi imekufa; zikiwa pungufu au hazipo, hurudiwa njia nyuma, ungo kwa ungo. Sipendekezi ile desturi ya kuunganisha bolti mbili kubwa kwa bisibisi. Cheche yake huchoma bolti na huyeyusha ncha ya bisibisi, na betri iliyotoka kuchajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Watu wamepofuka kwa jambo hilo.

Ikiwa volti 10 au karibu yake zinafika kwenye stata yenyewe, nayo bado haizunguki kwa nguvu, hapo ndipo stata inapofunguliwa, wala si kabla. Ndani yake mna kaboni zinazokandamizwa na springi juu ya pete ya vipande vya shaba, na baina ya kipande na kipande mna ulanga wa kuvitenga. Kaboni zikiisha, springi haziwezi kuzisukuma. Shaba ikilika kuliko ulanga, ulanga huinuka na kuzitenga kaboni na shaba, nao hauna budi kuchongwa chini ya usawa wa shaba kwa subira. Na unga wa kaboni ukichanganyika na oili inayovuja kutoka injini hufanya tope linalopitisha umeme pasipotakiwa. Bushi za ncha zikilika, sehemu inayozunguka hukwaruza kuta, na alama za kukwaruza huonekana zikimeta. BMW zilizotoka baadaye na stata ya Valeo zilileta maradhi mapya, kwa kuwa sumaku zake zimegandishwa kwa gundi, na gundi ikiachia kipande cha sumaku huanguka na kuikwamisha stata ghafla.

Norton Commando ya 1975 ni mfano wa stata iliyoonewa tangu kiwandani. Mota yake ya Prestolite ilitakiwa kuzigeuza pistoni mbili kubwa, kila moja ya cc 400 na ushei, kwa umeme uliopita katika kebo zisizo nene vya kutosha, na wengi wa waliokuwa nazo walirejea kwenye kiki. Waliozitengeneza vyema baadaye waliongeza kaboni kutoka mbili hadi nne na kuweka kebo nene zaidi, na stata ileile iliyodharauliwa ikafanya kazi yake. Sijui ushahidi ulio bora kuliko huo kwamba ukinzani ndio adui.

Nilisema kwamba stata ikivuma na injini isizunguke umeme hauna hatia. Katika CB750 nguvu za stata hupita katika gia hadi klachi ya stata, iliyoko mwisho wa kushoto wa krankishafti nyuma ya rota ya altaneta, yenye rola tatu zinazosukumwa na springi ndogo. Rola zikilika au springi zikilegea, huteleza badala ya kushika, kwanza asubuhi moja moja, kisha kila mara. Kazi ya kuzifikia hutaka kuvuta rota kwa bolti ya kuvutia, na mwenye nyundo akae mbali.

Lipo bado jambo moja ambalo huirudisha mashine kwa fundi hata baada ya kila ungo kusafishwa. Altaneta ya CB750 hutoa wati 210 tu, tena injini ikiwa katika mizunguko 5000 kwa dakika. Katika mwendo wa pole wa mjini, taa ikiwaka na koili zikila umeme, betri hutoa zaidi ya inavyopokea. Mwenye kutembea kilomita tatu, akazima, akawasha tena kwa stata, kisha akatembea kilomita mbili, atakuta betri imepungua siku hadi siku pasipo chombo chochote kuharibika, na huyo shurti atumie kiki mjini au aichaji betri nyumbani kila wiki. Lakini kabla ya kulihukumu jambo hilo, mita iwekwe juu ya nguzo za betri iliyojaa na injini ipandishwe hadi mizunguko 5000: volti zikifika 14 hadi 14.5, altaneta na regyuleta ni salama. Zikibaki 12 na kitu, koili ya sumaku ya altaneta, regyuleta na rektifaya zipimwe kila moja kwa zamu yake, na stata iachwe mahali pake.